Cheti cha KCSE: maswali matatu ambayo wazazi wengi huyachanganya

Jioni ya siku ambayo matokeo ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne nchini Kenya, yalitangazwa, jirani yangu wa hapa Majengo, Mombasa, alinijia barazani akiwa na simu ya mwanawe mkononi. Kwenye kioo palikuwa na majina matatu ya kijana, nambari yake ya mtihani, orodha ya masomo manane yenye herufi kando ya kila somo, na gredi ya wastani: D. Tulisalimiana, akakaa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ameanguka?" Nilimwambia kwamba hakuanguka na kwamba cheti atapewa kama watakavyopewa wenzake waliopata A. Alinitazama kama mtu anayefichwa habari za msiba.

Hakuwa na kosa, kwa kuwa neno "kuanguka" lilikuwa na maana kamili katika mitihani ya zamani aliyoisikia ikitajwa na wazee wake. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) ulioanza mwaka 1985, mwanafunzi wa kidato cha nne alifanya mtihani wa KCE na wa kidato cha sita akafanya KACE. Matokeo ya KCE yalipangwa kwa madaraja, la kwanza hadi la nne, na nje ya madaraja hayo walikuwapo walioanguka hasa, waliorudi nyumbani bila daraja lolote. Mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, uliufuta mstari huo. Una gredi kumi na mbili kuanzia A, A-, B+ na kushuka hadi D- na E, na E nayo ni gredi kama zilizoitangulia: huhesabiwa pointi moja, huandikwa kwenye cheti, na mwenye cheti hicho ana haki ya kukitoa popote anapoulizwa kama alimaliza sekondari.

Mkanganyiko ninaouona kila Januari hutokana na kuyafunga pamoja maswali matatu ambayo kila moja lina masharti yake. Swali la kwanza ni kama mtahiniwa ametimiza yanayotakiwa ili atunukiwe cheti chenye gredi ya wastani. La pili ni gredi hiyo imehesabiwa vipi na kutoka masomo yapi. La tatu ni mahali ambapo gredi hiyo, pamoja na gredi za masomo mojamoja, itamwezesha kuingia. Kijana wa jirani yangu alikuwa amelijibu la kwanza vizuri kabisa, la pili kwa unyonge, na la tatu lilikuwa bado liko wazi kuliko mama yake alivyodhani.

Tuanze na la kwanza, ambalo hujibiwa miaka miwili kabla ya mtihani wenyewe, pale mwanafunzi anapochagua masomo. Baraza la Kitaifa la Mitihani, yaani KNEC, humtaka mtahiniwa asajiliwe kwa masomo yasiyopungua saba wala kuzidi tisa, na masomo hayo hayachaguliwi ovyo. Yamegawanywa katika makundi matano. Kundi la kwanza ni la lazima kwa kila mtu: Kiingereza, Kiswahili na Hisabati, isipokuwa mtahiniwa kiziwi anaweza kufanya Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Kundi la pili ni la sayansi, ambamo huchukuliwa angalau masomo mawili kati ya Biolojia, Fizikia na Kemia. La tatu lina Historia na Serikali, Jiografia na elimu za dini: ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, hapo angalau somo moja. La nne ni la ufundi na matumizi, kama vile Kilimo, Sayansi Kimu, Sanaa na Usanifu, Useremala, Umeme, Usafiri wa Anga na Masomo ya Tarakilishi. La tano lina Masomo ya Biashara, Muziki na lugha za kigeni, yaani Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu.

Kwa watu wa pwani makundi hayo yana uzito wa pekee. Shule nyingi za Mombasa zina wanafunzi wengi wanaochukua Elimu ya Dini ya Kiislamu, somo nambari 314, na baadhi yao huongeza Kiarabu, nambari 503, kwa kuwa msingi wake wameupata chuoni, yaani madrasa, tangu utotoni. Wazazi hudhani kwamba masomo haya mawili ni kitu kimoja au kwamba mtoto akichukua yote mawili moja litapotea bure. La hasha. La dini liko kundi la tatu, Kiarabu kiko kundi la tano, na kila moja huhesabiwa kwa nafasi yake. Wapo pia wanaodhani kwamba cheti cha thanawi, yaani ngazi ya sekondari, kutoka madrasa kinaweza kuchukua nafasi ya KCSE. Cheti hicho kina heshima yake na kimewapeleka vijana wengi katika vyuo vya nchi za Kiarabu, lakini anayetaka kuchaguliwa katika vyuo vikuu vya umma vya hapa nchini hutakiwa awe amefanya KCSE, au awe na cheti cha nje kilicholinganishwa rasmi nayo, jambo linalowahusu pia waliosoma mtaala wa Uingereza katika shule za binafsi na waliomaliza kidato cha nne ng'ambo ya mpaka, Tanga au Unguja.

Kusajiliwa peke yake hakutoshi. Kila somo lina karatasi zake, na mtahiniwa anatakiwa azifanye zote. Kiswahili, kwa mfano, kina karatasi tatu: Insha yenye alama 40, Lugha yenye alama 80 na Fasihi yenye alama 80. Hisabati ina mbili, kila moja alama 100. Biolojia ina karatasi mbili za alama 80 na ya tatu ya vitendo, alama 40. Masomo kama Kilimo na Tarakilishi yana kazi ya mradi ambayo mwanafunzi huifanya shuleni kwa miezi kadhaa kabla ya karatasi za Oktoba na Novemba, na asiyeikamilisha kazi hiyo huwa amejiharibia somo kabla hata ya kuingia chumba cha mtihani. Hapa ndipo nilipowaona watoto wazuri wakiumia. Anayekosa karatasi katika somo hupata X mahali pa gredi ya somo hilo, alama inayoonyesha kwamba hakuwepo, na anayebainika kushiriki udanganyifu hupata Y, alama ya matokeo yaliyofutwa. X na Y si gredi mbaya. Hazina pointi hata moja, na asiyekamilisha masomo saba yanayohitajika hapati gredi ya wastani, hata kama yale aliyoyafanya ameyafanya kwa ustadi. Ndiyo maana walimu wa shule za kisiwa cha Mombasa huwahimiza watahiniwa wanaotoka Likoni, ng'ambo ya kivuko cha feri, walale kwa jamaa upande huu wakati wa mtihani. Feri ikikwama asubuhi ya karatasi ya kwanza ya Kemia, hakuna karatasi nyingine ya Kemia jioni.

Sasa swali la pili, ambalo sheria yake ilibadilika mwaka 2023 na ambalo watu wazima wengi bado hulihesabu kwa kanuni ya zamani. Kila gredi ya somo ina pointi: A ni 12, A- ni 11, na hivyo hivyo kushuka moja moja hadi E yenye 1. Masomo saba hujumlishwa, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 84. Hadi mtihani wa 2022, masomo hayo saba yalikuwa yamefungwa: matatu ya lazima, sayansi mbili bora, moja la kundi la tatu na moja lolote lililobaki. Jopo la rais la kuchunguza mageuzi ya elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, lilipendekeza kanuni hiyo ilegezwe, na Waziri wa Elimu wa wakati huo, Ezekiel Machogu, akatangaza utaratibu mpya uliotumika kuanzia watahiniwa wa 2023. Chini ya utaratibu huo Hisabati huhesabiwa kwa lazima, kisha lugha moja aliyoifanya vizuri zaidi kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara, kisha masomo matano mengine yoyote aliyoyafanya vizuri zaidi.

Mfano utaeleza vizuri kuliko kanuni. Tumwazie msichana mwenye gredi hizi: Hisabati D, Kiingereza C-, Kiswahili B, Biolojia C-, Kemia D-, Historia C+, Elimu ya Dini ya Kiislamu B+ na Masomo ya Biashara B-. Kwa pointi, mpangilio huo ni 3, 5, 9, 5, 2, 7, 10 na 8. Kwa kanuni ya zamani angehesabiwa Hisabati, Kiingereza na Kiswahili, jumla 17. Biolojia na Kemia, 7. Somo la dini, 10. Na Biashara, 8. Jumla ni 42, ambayo ukiigawanya kwa saba unapata 6 kamili, yaani C. Kwa kanuni ya sasa anahesabiwa Hisabati 3, Kiswahili 9, kisha matano bora: dini 10, Biashara 8, Historia 7, Kiingereza 5 na Biolojia 5. Kemia imeachwa nje. Jumla ni 47, na kwa kuwa C+ huanzia pointi 46 hadi 52, msichana yule yule, kwa karatasi zile zile na alama zile zile, sasa ana C+, gredi ya chini ya kuchaguliwa kwa shahada ya chuo kikuu.

Tofauti hiyo haikuishia kwenye mifano ya barazani. Mwaka 2022 waliopata C+ na kwenda juu walikuwa zaidi ya 173,000. Mwaka 2023, wa kwanza wa utaratibu mpya, wakawa 201,133, na mwaka 2024 wakafika 246,391. Sitasema kwamba ongezeko lote limetokana na hesabu, kwa kuwa idadi ya watahiniwa nayo hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini mzazi anayelinganisha gredi ya mwanawe mkubwa wa 2019 na ya mdogo wa 2024 anapaswa kujua kwamba hawakupimwa kwa kanuni moja. Jambo moja zaidi husahauliwa: kilichobadilika ni namna ya kuhesabu wastani, wala si masharti ya kusajiliwa. Sayansi mbili bado zinatakiwa. Mwanafunzi anayejiambia kwamba Kemia haihesabiwi, kwa hiyo hana haja ya kuisoma, bado atakaa mbele ya karatasi zake tatu, na gredi yake bado itaandikwa kwenye cheti atakachobeba maisha yake yote.

Na hapo tunaingia swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalostahili wasiwasi ambao wazazi huumalizia kwenye lile la kwanza. Gredi ya wastani humweka mtu katika ngazi. C+ humruhusu kuomba shahada, C- humruhusu kuomba diploma, D humruhusu kuomba kozi ya cheti, na aliye chini ya hapo anaweza kuanza ngazi ya ufundi wa awali katika vyuo vya kiufundi. Lakini kozi yenyewe hutazama masomo. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari hutakiwa awe na C+ ya wastani na vilevile C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Anayeomba uhandisi huangaliwa Hisabati, Fizikia na Kemia. Shirika la KUCCPS, linalowagawia wanafunzi nafasi, hutumia masomo manne yanayohusiana na kozi, likayachanganya na jumla ya pointi ili kupata alama za ushindani wa nafasi. Kwa hiyo msichana wetu wa mfano ana C+ halali, lakini D ya Hisabati na D- ya Kemia zimemfungia uuguzi, uhandisi na takriban kila kozi ya sayansi. Kanuni mpya imempa tikiti ya kuingia uwanjani bila kumhakikishia kiti anachokitaka. Anaweza kusomea Kiswahili, historia au dini na akafanikiwa sana, mradi ameyachagua kwa hiari yake. Ninachokilalamikia ni shule zinazowaambia watoto waache Fizikia mapema ili wastani wa shule uongezeke, kisha kumwachia mzazi kugundua matokeo ya ushauri huo siku ya kuchagua kozi.

Yule kijana wa jirani yangu mwenye D alikuwa na gredi inayotosha kozi ya cheti. Mama yake hakujua kwamba hilo lipo. Alikuwa ameshaanza kuzungumza na shemeji yake wa Kongowea amtafutie kazi ya kubeba mizigo sokoni. Nilimweleza kuhusu vyuo vya kiufundi vilivyopo hapa hapa, ikiwemo Kenya Coast National Polytechnic, na kwamba mtu huanzia kozi ya cheti, akapanda diploma, na wapo wanaofika shahada kwa njia hiyo, kwa mwendo wa polepole lakini bila kurudia kidato cha nne. Alitaka kwanza kujua kama hilo "linahesabika". Nilimwambia linahesabika.

Kuna sharti lingine ambalo halimo katika silabasi yoyote, nalo limewakosesha raha watu wengi wa pwani kuliko Kemia: jina. Mtahiniwa husajiliwa kwa majina yaliyo katika cheti chake cha kuzaliwa, na majina hayo ndiyo yatakayochapishwa kwenye cheti cha KCSE. Majina yetu ya Mombasa hayana tahajia moja. Mtoto huandikwa Fatma hospitalini, Fatuma chuoni, Fatima kwenye kadi ya kliniki. Baba ni Said kwa kitambulisho na Saidi kwa watu. Wengine wana jina la ukoo ambalo shule imeliweka mbele, na wengine wana "bin" au "binti" iliyogeuzwa ikawa jina kamili. Mpwa wangu mwenyewe alikuwa Fatma katika cheti cha kuzaliwa na Fatuma katika sajili ya shule moja ya hapa kisiwani, na hakuna aliyeligundua mpaka karatasi ya kuthibitisha usajili ilipobandikwa. Karatasi hiyo mwanafunzi huisoma na kuitia sahihi. Yeye aliitia sahihi bila kusoma, kwa kuwa kengele ya chakula ilikuwa imelia. Miaka miwili baadaye, kitambulisho kikiwa na jina moja na cheti kikiwa na jingine, alizunguka kwa miezi akitafuta hati ya kiapo, akilipa ada na kujaza maombi ya marekebisho katika mfumo wa mtandaoni wa KNEC uitwao QMIS. Herufi moja tu, "u", iliyotiwa mahali ambapo haikuwepo.

Wapo ambao hawakuwa na hata cheti cha kuzaliwa cha kusahihisha. Familia za Wapemba waliokaa pwani yetu kwa vizazi, hasa Kwale na Kilifi, zilisumbuka kwa miaka mingi kwa kukosa stakabadhi, hadi serikali ilipowatambua rasmi kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023. Wamakonde walitangulia kutambuliwa mwaka 2016. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hukwama kwenye usajili wa mtihani wa kitaifa, na mzazi anayengoja hadi mwana afike kidato cha nne ndipo aanze kukitafuta huwa amechelewa kwa hesabu yoyote, kwa kuwa usajili wa KCSE kwa kawaida hufanywa katika miezi ya mwanzo ya mwaka, wakati foleni za ofisi za serikali ni ndefu.

Karatasi ambayo watu huiona Januari kwenye simu au kuichapisha saiba, yaani duka la huduma za mtandao, si cheti. Ni hati ya matokeo, na hutumika kwa muda kuombea nafasi za vyuo, lakini cheti chenyewe, kilichochapishwa kwa karatasi maalumu, hufika shuleni miezi kadhaa baadaye. Mhitimu hukichukua yeye mwenyewe na kutia sahihi katika daftari la shule. Hapo pana hati ya pili inayochanganywa nacho, ile cheti ya kuondokea shuleni ambayo wanafunzi huiita "livingi". Hiyo hutolewa na shule, huandikwa na mwalimu mkuu, hueleza tarehe za kuingia na kutoka na mwenendo wa mwanafunzi, na haina uhusiano wowote na KNEC. Waajiri wengine huziomba zote mbili, kwa hiyo ni busara kuzichukua siku moja.

Ugomvi mkubwa katika hatua hii ni wa karo. Shule nyingi zimezoea kukifungia cheti kabatini mpaka salio lilipwe, na wapo watu wenye zaidi ya miaka thelathini ambao vyeti vyao bado vimo katika makabati hayo. Serikali imewaambia walimu wakuu mara nyingi kwamba hawana mamlaka ya kuzuia cheti, kwa kuwa ni mali ya mhitimu aliyetahiniwa na KNEC, na deni la karo lidaiwe kwa njia nyingine. Ninawaelewa walimu wakuu wenye maabara zisizo na kemikali kwa sababu ya karo isiyolipwa, lakini sioni jinsi kijana asiye na cheti atakavyopata kazi ya kulipia deni hilo. Anayekataliwa cheti anaweza kuandika barua kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, akiambatisha nakala ya hati ya matokeo na kitambulisho, na mara nyingi barua hiyo hufanya kazi ambayo safari kumi za kubembeleza hazikuifanya. Kikipotea au kuungua, mwenyewe huripoti polisi, akachukua abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba ameripoti, kisha akaomba kupitia QMIS kwa kulipa ada. Nakala ya fotokopi iliyotiwa muhuri wa wakili haimtoshi mwajiri anayetaka uthibitisho kutoka kwa KNEC yenyewe.

Yote niliyoyaeleza yana mwisho wake. Darasa lililoingia kidato cha kwanza Januari 2024 ndilo la mwisho la 8-4-4, na litafanya KCSE mwaka 2027. Nyuma yake yupo kaka au dada mdogo wa mtaala mpya wa umilisi, uitwao CBC, aliyefanya tathmini ya Gredi ya 9 mwishoni mwa 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, na ambaye atafika mtihani wa Gredi ya 12 mwaka 2028. Masharti yake ni mengine. Badala ya makundi matano kuna mikondo mitatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Masomo ya lazima ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati na mafunzo ya huduma kwa jamii, kisha mwanafunzi huongeza masomo matatu ya kuchagua. Hisabati imegawanywa mara mbili, nzito kwa mkondo wa sayansi na nyepesi kwa mikondo mingine, kwa hiyo uchaguzi ambao zamani ulifanywa kwa kuacha Fizikia kidato cha tatu sasa hufanywa mapema zaidi, na mlango unaofungwa ni mkubwa zaidi.

Kupima nako kumebadilika. Katika tathmini ya Gredi ya 9, asilimia 60 ya matokeo hutoka kwenye mtihani wenyewe, 20 hutoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6, na 20 kwenye kazi alizofanya shuleni Gredi ya 7 na ya 8. Viwango ni vinne, yaani kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa chini ya matarajio, kila kimoja kikiwa na ngazi mbili, kwa hiyo jumla ni ngazi nane. Humo pia hamna neno "kuanguka", ingawa naamini jirani yangu atalitafuta.

Binti yake mdogo yuko Gredi ya 10. Mara ya mwisho alipopita barazani alikuja na fomu ya masomo, na kabla hatujafika kwenye mikondo nilimwomba anionyeshe kwanza nambari ya tathmini ya KNEC aliyopewa mtoto akiwa shule ya msingi pamoja na jina lililoandikwa kando yake, kisha atoe cheti cha kuzaliwa. Tuliyaweka mawili hayo kwenye mkeka, tukayasoma herufi kwa herufi. Jina la babu lilikuwa na "h" upande mmoja na halikuwa nayo upande wa pili. Alivikunja vyote akavitia kwenye mkoba, akasema kesho asubuhi ataanzia shuleni.